Ukisusa, wenzio wala

Kila likizuka wimbi la kususia soda au kahawa ya kampuni fulani kwa sababu ya serikali inazofanya nazo biashara, baraza hugawanyika. Wengine wanasusa, wengine wanawacheka kwa maneno ya kwenye kanga: ukisusa, wenzio wala. Kazi yangu ni sheria za biashara na meli, ofisi yangu ipo Malindi ya Unguja, na nikiulizwa huwaudhi wote wawili. Anayecheka anasema kweli. Basi anayetaka kuibana kampuni iache kumlisha dhalimu atafute mahali ambapo hakuna mwenziwe wa kula.

Sisi Wazanzibari tungepaswa kulijua hili kuliko wengi, maana tumewahi kubanwa.

Kwanza karafuu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilikiimarisha kwa sheria chama cha wakulima wa karafuu, na sheria ya 1937 ikakipa ukiritimba wa biashara ya kuzisafirisha nje. Waingereza walidai wanamwokoa mkulima na madeni ya wafanyabiashara wa Kihindi. Madeni yalikuwepo kweli, tusidanganyane. Lakini wafanyabiashara hao waliona wanatolewa sokoni kwa kalamu, wakakataa kugusa karafuu hapa, na kule India chama cha Congress kikawataka wanunuzi wa Bombay waisusie karafuu ya Zanzibar. Java nayo ilinunua, ila soko la India halikuwa la kuachwa hivi hivi, na serikali yenyewe ilikuwa ikiishi kwa ushuru wa karafuu. Mei 1938 yakapatikana mapatano: wasafirishaji wakarudishiwa nafasi yao, kwa sharti la kununua sehemu ya mzigo kutoka chama kile. Mkulima wa Pemba, ambaye hakuandika sheria wala hakuitisha mgomo, alikuwa amekaa na magunia yake akisubiri wakubwa wapatane. Kila mgomo una mtu kama huyo, na wanaouitisha ni nadra kumtaja.

Mara nyingine ni bendera, na hapa nipo kwenye uwanja wangu. Meli ya safari za kimataifa haiwezi kutembea bila nchi. Lazima isajiliwe mahali, na jina la bandari ya usajili huandikwa kwenye tezi, yaani nyuma ya meli, chini ya jina lake. Katika Muungano wetu daftari la meli za kimataifa lipo Zanzibar, na kazi ya kuzisajili za kigeni ilikuwa mikononi mwa wakala aliyekaa Dubai. Kwa hiyo kulikuwa na meli zilizoandikwa ZANZIBAR kwenye tezi ambazo hazijawahi kuuona mnara wa taa wa kisiwa chetu cha Chumbe hata kwa mbali. Mwaka 2012, Iran ilipozidiwa na vikwazo, meli zake za mafuta zikakimbilia bendera yetu. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, akamwandikia barua Rais Kikwete kumtahadharisha kwamba misaada ingeweza kuguswa. Mwanzo tukakana. Agosti tukakiri: meli 36. Mkataba wa wakala ukavunjwa, meli zikafutwa.

Sisemi kwamba Marekani ndiyo hakimu wa nani dhalimu na nani mwema. Hilo kila mtu ana lake. Nazungumzia namna kabali inavyokaza. Bendera hubadilishwa kirahisi, nchi zenye kuziuza ni nyingi. Bima ndiyo ngumu. Vilabu vichache vya bima ya meli, vingi makao yake Ulaya, hukinga takriban asilimia 90 ya tani zote za meli za baharini duniani. Umoja wa Ulaya ulipokataza kuyawekea bima mafuta ya Iran, kuanzia Julai 2012, hata mnunuzi wa Asia alikwama. Japan ilibidi itunge sheria ili serikali yenyewe isimame dhamana ya meli zinazobeba mafuta hayo. Hapo hapakuwa na mwenzio wa kula, au walikuwepo wachache mno.

Sasa tazama Makaburu. Tarehe 26 Juni 1959, Tanganyika haijapata hata uhuru, Nyerere alisimama London pamoja na Padri Trevor Huddleston, ambaye baadaye akawa Askofu wa Masasi, kuzindua mgomo wa bidhaa za Afrika Kusini. Watu hukumbuka matunda na mvinyo. Mimi hukumbuka benki. Wanafunzi wa Uingereza waliisusia benki ya Barclays miaka na miaka kwa biashara yake huko Afrika Kusini. Ukiangalia haraka utasema mwanafunzi ana nini cha kuitia benki hofu? Ana umri. Anayefungua akaunti akiwa na miaka 18 mara nyingi hubaki hapo mpaka anakopa nyumba. Benki ilikuwa ikipoteza wateja wa miaka 30 ijayo, na Novemba 1986 ikauza hisa zake Afrika Kusini. Mwaka uliotangulia, baada ya hali ya hatari kutangazwa, Chase Manhattan ilikataa kuongeza muda wa mikopo ya muda mfupi, na benki nyingine zikafuata. Serikali ya Makaburu ikalazimika kusitisha malipo ya madeni ya takriban dola bilioni 14. Huruma haikuhusika. Benki ilipiga hesabu, na kelele za miaka mingi zilikuwa zimeshaingizwa ndani ya hesabu hiyo.

Upande wa pili ipo Talisman ya Canada, iliyochimba mafuta Sudan wakati wanavijiji wakifukuzwa kwenye maeneo ya visima. Ilipigiwa kelele mpaka thamani ya hisa zake ikalegea, na mwaka 2003 ikauza sehemu yake kwa kampuni ya serikali ya India. Mafuta yakaendelea kutoka, na safari hii mwenye visima hakuwa na wanahisa wa kuzomewa kwenye mkutano mkuu. Wenzio wakala, tena kwa utulivu.

Kwa hiyo kijana akija na soda yake humuuliza: inatiwa chupa wapi? Nyingi hutengenezwa huku huku kwa leseni, wanaozipakia garini ni jamaa zetu, na makao makuu hupata sehemu tu ya bei. Susa ukipenda, ni haki yako. Ila kisiwani kwetu tuna vitu vyenye uzito kuliko kreti la soda. Januari 2018 meli Andromeda, yenye bendera yetu, ilikamatwa Ugiriki na vifaa vya kutengenezea baruti vikielekea Libya, nchi iliyozuiwa kupelekewa silaha. Mwezi huo huo Rais Magufuli akasimamisha usajili wa meli za kigeni.

Meli hubadilisha jina, rangi na bendera, lakini namba ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, yenye tarakimu saba, hubaki nayo tangu kuundwa mpaka kukatwa chuma chakavu. Anayetaka kampeni yenye meno angemsogelea Mwakilishi wake amwombe jambo dogo tu Barazani: orodha ya meli zinazopeperusha bendera yetu, namba hizo zikiwemo, na jina la mmiliki halisi badala ya kampuni ya sanduku la posta. Namba ikishapatikana, hata aliyekaa Wete na simu yake anaweza kuitafuta meli akajua ilikuwa ikiitwa nani mwaka jana.