Tazama kifuniko: konokono wa Ziwa Victoria na miili yao

Ukikuta konokono kwenye magugu maji pale Dunga au Usoma, fukwe za ziwa hapa Kisumu, mwinue kwa koleo au kwa mkono wenye glavu ya mpira, umgeuze, utazame mdomo wa gamba. Anapojivuta ndani, je, anaufunga kwa kibamba kigumu, au mdomo unabaki wazi? Jibu la swali hilo linawagawa konokono wa Ziwa Victoria makundi mawili, na kwa afya ya watu wa ufuoni sijui tofauti nyingine yenye uzito kama huo. Humu ziwani, wenye kifuniko hawabebi kichocho cha binadamu. Wanaokibeba, Biomphalaria na Bulinus, hawana kifuniko. (Kanuni hii ni ya Afrika. Kichocho cha mashariki ya Asia hubebwa na Oncomelania, ambaye ana kifuniko.)

Mimi kazi yangu ni konokono wa maji yasiyo na chumvi, na hunisikitisha kuona wote wakihukumiwa kwa kosa la wachache. Ili kuelewa kwa nini kibamba kidogo kina maana kubwa hivyo, lazima tuingie ndani ya gamba.

Moluska, yaani jamii ya konokono, kome na pweza, karibu wote wamejengwa kwa mpango mmoja: mguu wa misuli, viungo vya ndani vilivyokusanywa pamoja juu ya mguu huo, na ngozi nyororo iitwayo joho inayovifunika na kutoa chokaa ya kujengea gamba. Kati ya joho na mwili pana uwazi. Bellamya na Melanoides, konokono wa ziwani wenye kifuniko, wameweka matamvua katika uwazi huo na wanapumua majini kama samaki. Ukoo mwingine uliugeuza uwazi huohuo kuwa pafu, na ndio ukoo wa konokono wakubwa wa shambani pamoja na koa wanaotafuna sukuma wiki usiku. Katika ukoo huo wenye pafu, karibu wote hukosa kifuniko wakishakua. Biomphalaria na Bulinus ni wa ukoo huu, ila wao huishi majini na hupanda juu kuvuta hewa.

Biomphalaria ana gamba bapa lililojiviringa kama kamba iliyolazwa chini, upana wake sentimita moja hivi au zaidi kidogo. Mpasue chini ya hadubini utaona damu nyekundu. Pweza na konokono wa shambani wana damu inayobeba oksijeni kwa madini ya shaba, nayo hugeuka buluu. Biomphalaria anatumia himoglobini, yenye madini ya chuma, kama sisi. Chini ya mafunjo na magugu maji, ambako majani yanaoza na oksijeni ni haba, damu ya namna hiyo ni faida kubwa. Ndiyo maana magugu yanapoifunika Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa upande wa Kenya, mimi huwaza konokono kabla ya kuwaza injini za boti.

Isitoshe, Biomphalaria ni huntha: ana viungo vya kiume na vya kike katika mwili mmoja, na akikosa mwenzake hujirutubisha mwenyewe. Konokono mmoja aliyesafiri juu ya gugu lililosukumwa na upepo anaweza kuanzisha ukoo mzima katika ufuo mpya. Kwa sababu hii siungi mkono wazo la kumwaga sumu ziwani. Dawa ya konokono huua samaki pia, na wakibaki wachache tu, hesabu inaanza upya.

Sasa kichocho chenyewe. Mayai ya mnyoo Schistosoma mansoni hutoka na choo cha mtu. Yakifika majini huanguliwa, na kiluwiluwi kinachotoka lazima kimpate Biomphalaria ndani ya saa chache, la sivyo kife. Ndani ya konokono huongezeka kwa wiki kadhaa kikila nguvu zake, hadi konokono huyo hutaga kidogo sana au huacha kabisa kutaga. Baada ya hapo anatoa viluwiluwi wapya wenye mkia uliopasuka panda, mamia hata maelfu kwa siku, na hao ndio wanaopenya ngozi ya binadamu. Mwanga wa jua ndio unaowachochea kutoka, kwa hiyo wengi huwa majini saa za adhuhuri, wakati ambao vijana wanaoosha magari ziwani Kisumu wamesimama humo hadi magotini.

Bulinus hubeba Schistosoma haematobium, kichocho kinacholeta damu kwenye mkojo, na anapenda mabwawa, vidimbwi na mitaro. Elekeza ncha ya gamba juu na mdomo ukikutazama: mdomo ukiwa kushoto na hakuna kifuniko, mshuku. Lanistes naye ana mdomo kushoto, lakini ana kifuniko, basi mwache aende zake. Wafugaji wamjue pia Radix natalensis, asiye na kifuniko na mwenye mdomo kulia. Huyo hubeba mnyoo bapa wa ini la ng'ombe.

Upande wa wenye kifuniko ndiko ninakopenda kukaa. Bellamya hatagi mayai nje. Jike hulea watoto tumboni na kuwazaa wakiwa tayari na vigamba vyao, na dume lake utalijua kwa kipapasio cha kulia kilichonenepa, kwa kuwa ndicho kiungo chake cha kujamiiana. Melanoides, mwenye gamba refu lililochongoka, huzaa watoto hai mara nyingi bila dume lolote. Pila anazidi wote kwa ustadi: ana matamvua na pafu pamoja. Kiangazi kikija hujizika topeni, akafunga kifuniko na kusubiri mvua. Katika mashamba ya mpunga ya Ahero adui yake ni korongo domo-wazi, ambaye mdomo wake una mwanya katikati ingawa ameufunga, nao humsaidia kumshika Pila na kumtoa ndani ya gamba.

Moluska wengine wa ziwa ni kome, wenye magamba mawili. Hao hawana kichwa wala ule utepe wa vimeno ambao konokono hukwangulia mwani. Huvuta maji na kuchuja chakula kwa matamvua. Mwaka 1961 mwanazuolojia Geoffrey Fryer alieleza maisha ya kome aitwaye Mutela bourguignati wa maji haya ya Victoria: kiluwiluwi wake hujishikiza kwenye mwili wa samaki na kunyonya humo hadi akomae na kudondoka chini. Samaki wakiisha, kome huyo naye ataisha. Pweza, ngisi na jamaa zao hutawapata hapa kamwe. Katika matabaka yote ya moluska, ni konokono na kome pekee waliofaulu kuingia maji yasiyo na chumvi.

Je, samaki hawawezi kutusaidia? Kamongo huponda konokono kwa meno yake ya bamba. Astatoreochromis alluaudi ana mataya kooni ya kuvunjia magamba, na aliwahi kupandwa kwenye mabwawa ya Kenya kwa kazi hiyo. Lakini mtaalamu wa samaki P. H. Greenwood alionyesha mwaka 1965 kwamba samaki huyu akikulia kwenye chakula laini mataya hayo hubaki membamba. Kwa maoni yangu, apewe heshima yake kama samaki wa ziwa, lakini mzigo wa kutukinga asibebeshwe.

Kinga inayofaa ni choo kinachotumika, na dawa ya prazikwanteli kwa walioambukizwa. Kwa anayelazimika kuoga maji ya ziwa, ayateke na kuyaacha kwenye pipa lisilo na konokono kwa siku mbili kamili. Kiluwiluwi mwenye mkia wa panda hali chochote. Anaishi kwa akiba aliyotoka nayo ndani ya konokono, na kufikia wakati huo akiba hiyo imemwishia.