Corolla ya zamani inapomisi: dhana potofu na ukweli kuhusu plagi na sensa

Gari inamisi pale silinda moja au zaidi inapokosa kuwaka sawasawa. Hapa tunazungumzia Corolla za miaka ya 1990, zile AE100 na ndugu zake zenye injini ya 5A-FE, 4A-FE au 7A-FE na distribyuta, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi.

"Taa ya injini imewaka, basi badilisha sensa iliyotajwa."

Namba ya hitilafu hutaja saketi, haitaji kifaa kilichokufa. Wala mashine ya kupimia si lazima. Chini ya boneti kuna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS: unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi "ON" bila kuwasha injini, kisha hesabu taa inavyopepesa. Mara mbili, kimya kidogo, mara mbili tena, hiyo ni 22, saketi ya sensa ya joto la maji. Waya uliokatika au soketi iliyoota kutu ya kijani hutoa 22 hiyo hiyo. Chomoa soketi, pima sensa kwa multimita. Kwenye nyuzi 20 isome kilo-omu 2 hadi 3. Kwenye nyuzi 80 ishuke iwe kati ya 0.2 na 0.4. Ikisoma hivyo ni nzima, fuatilia waya. Ukimaliza, zima swichi na uchomoe fyuzi ya EFI kwa nusu dakika, la sivyo namba ya zamani itabaki kwenye kumbukumbu na kukupoteza siku nyingine.

"Geji ya joto inapanda vizuri, kwa hiyo sensa ni nzima."

Sensa ni mbili. Ya geji ina waya mmoja, ya kompyuta ya injini ina waya mbili. Ya pili ikidanganya kwamba injini bado ni baridi, kompyuta huzidisha petroli: plagi zinajaa masizi makavu meusi, na gari iliyokwisha kupata moto inasumbua kuwaka. Dukani watu hununua ya waya mmoja, kisha wanalalamika kwamba sensa mpya haijasaidia kitu.

"Plagi chafu isuguliwe msasa, inarudi upya."

Cheche huruka kwa urahisi kwenye ncha kali. Plagi iliyolika ina ncha ya mviringo, inadai umeme mwingi zaidi, na msasa hauirudishii ile ncha. Plagi ya kawaida ibadilishwe kila kilomita 20,000 hivi. Ya iridiamu inadumu zaidi lakini haiongezi nguvu ya injini, na ncha yake nyembamba huvunjika ukiibana kwa geji ya kupimia nafasi. Kwenye NGK, 11 mwishoni mwa jina ni nafasi ya milimita 1.1.

Ukikuta shimo la plagi limejaa oili, sili za mirija ya plagi chini ya kava ya valvu zimechoka. Badilisha hizo kwanza. Ukianza na waya wa plagi, mpira wake mpya utalowa oili na gari itamisi tena.

Fungua plagi injini ikiwa imepoa, maana silinda hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake za kufungia plagi huchunika. Mpya ianze kwa vidole mpaka igote, kisha spana nusu mzunguko, au 18 Nm kama una spana ya kupimia.

"Waya wa plagi haujakatika, basi ni mzima."

Upime: ukizidi kilo-omu 25, utupe. Usiku, injini ikinguruma, nyunyizia maji kidogo juu ya waya na kofia ya distribyuta bila kugusa chochote. Cheche za buluu zitakuonyesha umeme unapovuja. Badilisha mmoja mmoja, maana mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2 na ni rahisi kuchanganya.

"Taimingi inasetiwa kwa sikio."

Taimingi ni wakati cheche inaporuka, nayo inasetiwa kwa taa ya taimingi: nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa na moto, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Bila kile kipande cha waya cha TE1 na E1, kompyuta inaisogeza taimingi yenyewe, nawe unazungusha distribyuta kufuata alama isiyotulia.