Je, wajua mnazi mmoja unaweza kuifupisha njia ya ndege?

Njia ya kurukia ndege ya Uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, ina urefu wa takriban mita 3,000, nayo imelala kaskazini hadi kusini kama pepo zetu mbili kuu. Tuchukulie pana mnazi mrefu nje ya ncha ya kaskazini. (Wa mfano tu, mwenye shamba asiogope.) Lami haijaguswa hata shubiri. Vipi basi njia ipungue?

Ndege huruka na kutua zikiukabili upepo. Kusi ikivuma, zinaingia kutoka kaskazini, juu ya mnazi wetu. Kwenye njia kubwa, anga la kushukia hulindwa kwa mteremko wa asilimia 2: kila mita 50 za ardhi, mita 1 tu kwenda juu. Hapo ndipo hesabu inapouma. Mnazi ukiuzidi mteremko kwa mita 10, na usipokatwa, mstari wa kuanzia kutua husogezwa ndani mita 500. Lami inayobaki nyuma huchorwa mishale myeupe. Anayetua haigusi, ila anayeondoka anaruhusiwa kuanzia mbio zake hapo.

Kaskazi ikishika, ndege zinarukia upande wa kaskazini na mnazi uleule sasa uko mbele ya pua. Ndege yenye injini zote zinazofanya kazi itauvuka bila shida, lakini hilo silo swali. Swali ni je, injini moja ikizimika wakati mbio zimeshakuwa kubwa mno kusimama, itauvuka? Kanuni za ndege kubwa za abiria zinataka mstari wa kupaa, uliokwishashushwa kidogo kwenye hesabu kwa tahadhari, upite angalau futi 35 juu ya kizuizi, kama mita 10 na nusu. Na msimu wa kaskazi ndio wa joto letu: hewa huwa nyepesi, mabawa na injini vyote hupoteza nguvu. Hesabu isipokubali, hupunguzwa uzito, yaani mizigo, abiria au mafuta. Safari ya Ulaya ikipunguziwa mafuta, huenda ikabidi itue njiani kuongeza.

Pemba, ambako njia ni fupi kuliko ya Unguja, kila mita inayopotea ina thamani zaidi.

Minazi, angalau, hurefuka polepole. Kreni ya ujenzi husimama kwa siku moja, na ikiingia kwenye mteremko huo marubani hutangaziwa mahali ilipo na kimo chake, hesabu zikaanza upya.