Vipimo safi, kifua kizito: msimjibie mgonjwa

Haya ndiyo maswali ambayo ndugu wa wagonjwa hutuuliza kliniki, na majibu yangu.

Mama analalamika kifua kizito na halali usiku, lakini vipimo vyote ni safi. Basi haumwi?

Anaumwa. Kwanza tunapima wingi wa damu, presha, sukari na tezi ya shingo, maana hitilafu huko nazo huleta uchovu na moyo kwenda mbio. Tusipoona kitu, tunarudi kwa mwenyewe na kumuuliza.

Kumuuliza nini? Sisi tunajua ni mawazo tu.

Hapo ndipo mnapotuchosha. Ninamuuliza mgonjwa, anajibu mtoto wake, shemeji anaongezea, mwenye kifua kanyamaza. Msimjibie mgonjwa! Nimewahi kuwaona wajane wawili, mmoja wa Tukuyu, mwingine wa Mbalizi, kila mmoja kaweka kiganja kifuani anasema, "Kuna jiwe hapa." Wa Tukuyu lilianza pale ndugu wa mume walipochukua shamba la chai, hasira imemjaa na hana pa kuisemea. Wa Mbalizi anajilaumu kwamba alichelewa kumfikisha mumewe hospitali. Wa kwanza tulizungumza jinsi ya kulifikisha suala la shamba baraza la kata. Wa pili alihitaji kuusimulia usiku ule, tena na tena, bila mtu kumwambia "yameshapita, mama". Ningewapa ushauri mmoja, nisingemsaidia hata mmoja.

Akisema amerogwa?

Simbishii. Namuuliza anamhisi nani, na kwa nini; mara nyingi ugomvi wenyewe hujitokeza hapo. Ila kumzungusha kwa waganga na mikesha miezi kadhaa, tena mmemkatiza dawa alizoandikiwa, hapana. Ombeni naye jioni, asubuhi mleteni kliniki.

Tusubiri mpaka lini?

Akimaliza wiki mbili na huzuni au kukosa hamu ya kitu chochote, usingizi umepotea, chakula hakipiti, kazi hazifanyiki, mleteni. Msingoje mavuno yaishe. Na vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila cheti, pamoja na komoni, pombe ya kienyeji, ya kulalia, acheni kabisa.

Akisema "nimechoka kuishi", si anatutisha tu?

Hapana. Narudia, hapana. Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Asiachwe peke yake hata dakika moja, dawa za kupulizia viazi na nyanya ziondolewe nyumbani, na aletwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Mkifika, nikiwaomba mkae nje kidogo, kaeni nje.