Nyumba ya Wanawake Ilitangulia Bunduki

Hivi karibuni nilialikwa kuzungumza na wanafunzi kuhusu harakati za wanawake wa Kikurdi nchini Syria, na kabla sijafungua kinywa mwenyeji wangu alikuwa amekwisha kuonyesha ukutani picha ile ile ya siku zote: msichana mwenye nywele zilizosukwa, skafu ya maua shingoni na bunduki begani. Akanitambulisha kuwa nitaeleza jinsi vita dhidi ya Daesh, kundi lililojiita Dola la Kiislamu, vilivyowakomboa wanawake wa Rojava, yaani maeneo ya Wakurdi kaskazini mwa Syria. Maneno hayo nimeyasikia kwa waandishi wa habari, kwa wanaharakati, hata kwa wasomi wenzangu ambao walipaswa kujua zaidi, na kila mara nimeyajibu kwa upole. Leo upole umeniishia.

Tuanze na tarehe. Kikosi cha wanawake, YPJ, kiliundwa Aprili 2013. Mji wa Kobane ulizingirwa Septemba 2014 na Daesh wakafukuzwa mjini Januari 2015, na hapo ndipo kamera za dunia zilipofika. Lakini nyumba ya kwanza ya wanawake, ambayo Wakurdi huiita mala jin, ilifunguliwa mjini Qamishlo Machi 2011, wakati makachero wa Rais Assad bado wanazunguka mitaani, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya majeshi yake kuondoka katika miji mingi ya Wakurdi Julai 2012. Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na umoja wa wanawake ulioitwa Yekîtiya Star, ulioanzishwa 2005 na kufanya kazi kwa siri, mlango kwa mlango, chini ya udikteta. Ndio ambao tangu 2016 unaitwa Kongra Star. Nyuma zaidi, milimani, wanawake wa PKK, chama cha wapiganaji wa Kikurdi kilichozaliwa Uturuki, walikuwa na vikosi vyao tangu 1993 na chombo chao wenyewe tangu 1995. Kwa hiyo anayesema kwamba vita dhidi ya Daesh ndivyo vilivyozaa ukombozi huu anadai kuwa mjukuu ndiye aliyemzaa bibi yake.

Sasa, mala jin ilifanya nini hasa? Nilielezwa na mama mmoja niliyemtembelea Ujerumani, ambaye alikuwa mjumbe wa mojawapo ya nyumba hizo kabla ya kukimbia. Alinimiminia chai kwenye bilauri ndogo, akasukuma kando bakuli la mbegu za alizeti, kisha akanichorea chumba chenyewe mezani kwa kidole: magodoro kando ya kuta, meza moja, na juu ya meza daftari kubwa. Anakuja mwanamke ambaye mumewe ameoa mke wa pili kimyakimya. Anakuja mwingine ambaye kaka zake wamemnyima sehemu yake ya shamba la marehemu baba yao. Anakuja shangazi akisema kuna binti wa miaka kumi na mitano anayetaka kuozwa. Wajumbe wanaandika shauri kwenye daftari, wanamwita mume au kaka, wanakwenda kwa wazee wa ukoo, wanaandika hati ya maelewano ambayo kila upande unaitia sahihi, na baada ya wiki kadhaa wanarudi kugonga mlango kuona kama hati imeheshimiwa. Likishindikana, jalada linakwenda mahakamani pamoja na maelezo yao. Wanaume nao walifika kushtaki, aliniambia huku akicheka, kwa sababu usuluhishi haukuwagharimu kitu. Yeye mwenyewe hakusoma zaidi ya shule ya msingi. Alichokuwa nacho ni kujua mtaani kwao nani amemkosea nani tangu enzi za babu zao, na mtu wa aina hiyo haonekani katika picha za ukutani.

Nyumba hizo baadaye zilizidi 60. Sheria ya wanawake ya Jazira, mojawapo ya majimbo ya Rojava, ilipotangazwa Novemba 2014, ikipiga marufuku mitala, ndoa za kulazimishwa na ndoa za walio chini ya miaka 18, na kusawazisha mirathi na ushahidi mahakamani, madaftari yalikuwa yamejaa kwa zaidi ya miaka mitatu. Sheria ya hali ya mtu binafsi ya Syria, ya 1953, iliruhusu mitala na kumpa binti nusu ya urithi wa kaka yake, kwa hiyo pengo lilikuwa kubwa, na bila wale akina mama wa magodoro sheria mpya ingebaki karatasi.

Nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko picha: neno mwenyekiti mwenza. Kila ninapolitumia, msikilizaji mmoja hulisikia kama naibu, na mwingine, kwa kawaida Mtanzania, hutabasamu na kusema kumbe ni viti maalum. Hapana, na naomba tutulie hapa kidogo. Kuanzia komini ya mtaa hadi baraza la juu la Rojava, kila chombo kilikuwa na wenyeviti wawili, mwanamke na mwanamume, wenye sahihi yenye uzito mmoja. Kwa kanuni, mwenyekiti wa kike alichaguliwa na wanawake peke yao, ilhali yule wa kiume alichaguliwa na wote. Katika mabaraza ya mwanzo jinsia yoyote haikupaswa kuwa chini ya asilimia 40. Kando ya kila baraza la mchanganyiko lilikuwapo baraza la wanawake, na uamuzi wake katika jambo linalowahusu wanawake haukutenguliwa na lile jingine. Mbunge wa viti maalum anaingia kwa orodha ya chama, kulingana na kura za chama, na kwa kanuni chama kikimkataa hana pa kusimama. Mwenyekiti mwenza wa Qamishlo alitumwa na chombo cha wanawake kilichokuwapo kabla yake na kilichobaki alipoondoka. Anayeiga kiti bila kujenga kwanza hicho chombo ataambulia kiti tu.

Kuhusu komini nitapita haraka: ilikuwa mkutano wa kaya za mtaa au kijiji, kuanzia thelathini hivi hadi mamia kadhaa mjini, wenye kamati za usuluhishi, za wanawake, za ulinzi, za uchumi na nyinginezo. Komini ndizo pia zilizogawa mkate na dizeli ya kupashia nyumba joto, na hapa ndipo mashaka yangu yanapoanza, kwa sababu sijui jinsi ya kumtenganisha aliyekuja mkutanoni kujitawala na aliyekuja kuhakikisha kuwa jina lake limo katika orodha ya dizeli.

Nina mashaka mengine. Nadharia yote hii inapewa jina la mwanamume mmoja, Abdullah Öcalan, mwanzilishi wa PKK, aliyekamatwa Nairobi tarehe 15 Februari 1999 baada ya kutolewa katika makazi ya balozi wa Ugiriki alikokuwa amefichwa, na ambaye maandishi yake kuhusu jamii inayojitawala bila dola yametoka katika gereza la kisiwa cha İmralı. Picha yake ilitundikwa hata ndani ya nyumba za wanawake. Nimewauliza wanawake wa harakati hizo kama hilo haliwasumbui, nao hunijibu kwamba vikosi vya 1993 waliviunda wao kwa mabishano makali na makamanda wa kiume, jambo ambalo ni kweli, lakini picha ilibaki ukutani na mimi bado sijaridhika. Vilevile ofisi za vyama pinzani vya Kikurdi zilifungwa, vijana wa kiume walilazimishwa jeshini, na kuhusu watoto vitani ilibidi Mazloum Abdi, kamanda mkuu wa SDF, majeshi ya muungano yaliyoongozwa na Wakurdi, atie sahihi mpango wa Umoja wa Mataifa mwaka 2019. Katika maeneo ya Waarabu upande wa Deir ez-Zor marufuku ya mitala ilikuwa dhaifu sana, kwa kuwa uongozi uliogopa makabila. Mapinduzi yanayojadiliana na masheikh juu ya wake wa pili si yale yanayosimuliwa kwenye mabango.

Kisha Afrin, eneo la Wakurdi kaskazini magharibi mwa Syria, ikaangukia mikononi mwa Uturuki na washirika wake Machi 2018, na nyumba za wanawake za huko zikafungwa. Assad naye alianguka Desemba 2024, na tarehe 10 Machi 2025 Mazloum Abdi na rais wa mpito wa Syria, Ahmed al-Sharaa, walitia sahihi makubaliano ya kuunganisha taasisi za kiraia na za kijeshi za kaskazini mashariki na dola ya Syria. Makubaliano yale yana vipengele vinane. Vinataja mipaka, uwanja wa ndege, visima vya mafuta na gesi. Tangu siku hiyo kila anayenipigia simu anataka kujua bunduki zitakabidhiwa kwa nani. Yule mama wa Ujerumani naye alinipigia, akaniuliza kama nimeona mahali popote palipoandikwa madaftari yatatunzwa na nani, maana ndani yake yamo majina ya walioshtaki, pamoja na ya waume zao.