Gari kujifunga si loki: unachozima hasa ni nini?

Jirani yangu alipeleka gari kwa fundi na maneno matatu tu: "Nizimie loki hizi." Fundi akamsikia, akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa moja, akamrudishia ufunguo. Jioni hiyo jirani alizunguka gari lake kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea, akisukuma vibonyezo vya milango kwa kidole, mlango mmoja baada ya mwingine. Rimoti ilikuwa imekufa. Kitufe cha mlango wa dereva kilikuwa kimekufa. Akaanza kumlaumu fundi.

Fundi hakukosea. Aliambiwa azime loki, akazizima. Kosa lilikuwa kwenye sentensi, na sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba sasa nimeamua kuandika.

Maana yenyewe ni fupi. Gari kujifunga ni mpango uliomo kwenye kompyuta ya gari, unaoamuru loki za milango zifunge pasipo mtu kugusa kitu, pindi jambo fulani linapotokea: gari limefikia mwendo fulani, mara nyingi kati ya kilomita 15 na 25 kwa saa, au gia imetolewa kwenye P, ile ya kuegesha. Kuzima ni kuuambia mpango huo usitoe amri hiyo tena. Loki zinabaki pale pale. Rimoti inabaki, kitufe kinabaki, ufunguo unabaki. Kilichoondoka ni ile tabia ya gari kuamua lenyewe.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi.

Neno letu "funga" limebebeshwa mizigo mingi mno. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga safari, tunafunga ndoa, tunafunga Ramadhani, tunafunga goli. Mtu akisema "funga mlango", hujui kama anataka uurudishe tu usipigwe na upepo, au uuzungushie ufunguo. Kwenye nyumba hilo halisumbui sana, maana muktadha unasaidia. Kwenye gari linasumbua, kwa sababu mlango wa gari una kufunga kwa namna mbili zinazofanywa na vyuma viwili tofauti.

Chuma cha kwanza ni komeo. Ukiusukuma mlango, komeo lililo kwenye ukingo wake linadaka kile kichuma kilichokazwa kwenye nguzo ya bodi. Linadaka kwa hatua mbili: mlio wa kwanza mlango umeshika nusu, mlio wa pili umeshika kabisa. Ndiyo maana taa ya mlango kwenye dashibodi inaweza kubaki inawaka ilhali mlango unaonekana umefungwa. Komeo ndilo linalouzuia mlango usifunguke njiani. Narudia, kwa sababu watu wengi hawaamini: ni komeo, si loki.

Loki ni kitu kingine. Kazi yake ni kukata mawasiliano kati ya kishikio na komeo. Mlango ukiwa na loki, unaweza kuvuta kishikio cha nje mpaka mkono uchoke. Waya au fimbo iliyo ndani haifikishi ule mvuto kwa komeo. Loki haiongezi nguvu ya kushika. Inachofanya ni kumnyima mtu njia ya kukifikia kile kinachoshika. Ipo faida yake hata kwenye ajali, kwani mlango ukibonyezwa au kishikio kikivutwa na mshtuko, mvuto huo haulifikii komeo. Lakini mlango wenye komeo zima, usio na loki, haufunguki kwa sababu tu gari linakwenda. Hata kanuni ya usalama wa magari ya Marekani inayohusu milango, ile namba 206, inazitaja loki mbali na viungo vinavyoushikilia mlango. Watunga kanuni waliona haja ya kutenganisha. Sisi mafundi na wenye magari tunachanganya.

Na Kiswahili kilikuwa na maneno ya kutenganisha! Kuna "komea", yaani kufunga kwa komeo, na kinyume chake ni "komoa", kama vile "funga" na "fungua", "ziba" na "zibua", "kunja" na "kunjua". Siku hizi ukisema "nimemkomoa" watu wanaelewa umemtia mwenzako adabu au hasara, na ile kazi ya mlangoni imesahaulika. "Kufuli" tulilichukua kwa Waarabu, tukaliacha lining'inie kwenye mageti na masanduku. "Ufunguo" tumeutoa wenyewe kwenye "fungua", na ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba kifaa hicho hicho cha kufungia tumekipa jina la kufungulia tu. Magari yalipokuja na mfumo wao, tukachukua "loki" kutoka Kiingereza, na mafundi wakaongeza "senta loki". Sina ugomvi na loki. Neno limeingia, limekaa, tena linatusaidia: tuna "kufunga" kwa kuusukuma mlango na "kuloki" kwa ile kazi nyingine. Ugomvi wangu ni kwamba tumepata neno la kutenganisha kisha tukalitumia kuchanganya upya.

Maana "loki" nayo sasa inasimama mahali pa vitu vinne.

Kwanza ni hiyo loki yenyewe ya kila mlango. Pili ni senta loki, yaani utaratibu wa kuziunganisha loki zote zitii amri moja. Ndani ya kila mlango kuna mota ndogo inayosukuma loki mbele au nyuma, na waya zinazotoka kwenye kompyuta ya bodi. Tatu ni loki ya watoto, kile kidude kidogo kwenye ukingo wa milango ya nyuma ambacho unakiona mlango ukiwa wazi tu. Hicho kinakata kishikio cha ndani peke yake. Mtu aliye nje anafungua kama kawaida. Ukizima gari lisijifunge, loki ya watoto haijui habari hizo. Itaendelea kumzuia abiria wa nyuma, naye atakuambia, "Mbona ulisema umezima?" Yapo pia magari yenye loki ya nne, inayokata kishikio cha ndani na cha nje kwa pamoja ili mwizi aliyevunja kioo asifungue mlango kwa ndani. Vitabu vya magari hayo vinaonya usiitumie kukiwa na mtu ndani, na onyo hilo lisomwe taratibu.

Kujifunga hakumo kwenye orodha hiyo. Si chuma, si mota, si waya. Ni amri inayotumia hivyo vyote. Kuchomoa fyuzi ili gari lisijifunge ni sawa na kumng'oa mtu meno ili asile usiku.

Kisha kuna "otomatiki", ambayo nayo inateswa. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kitu kinachojitendea chenyewe. Watu wanaitumia kwa kila kitu chenye umeme. "Gari langu lina loki za otomatiki," mtu anakuambia, kumbe anamaanisha anabonyeza rimoti na milango inalia. Hiyo ni umeme, si otomatiki. Kampuni ya Packard iliweka loki za umeme kwenye magari yake ya 1956, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Renault Fuego ikaja na rimoti ya kuloki kwa mbali. Kote huko ni mtu aliyeamua na kubonyeza. Otomatiki inaanza pale ambapo hukubonyeza kitu na milango imeloki.

Kiswahili hakikuhitaji hata kuazima hapo. Kile kiambishi "ji" kinatosha: gari linajifunga. Najua wapenzi wa mpira watacheka, kwa sababu timu ikijifunga imejitia goli yenyewe. Wacheke. Yeyote aliyewahi kusimama nje akitazama funguo zake kwenye kiti, milango yote ikiwa imeloki, atakubali kwamba maana hizo mbili haziko mbali.

Na hapo ndipo ilipo tofauti nyingine inayofichwa na neno hili moja. Kujifunga ni kwa namna zaidi ya moja, na kila namna ina mpangilio wake. Kuna ile ya mwendo au gia, niliyoieleza. Kuna ile ya kurudia: umefungua kwa rimoti, hukufungua mlango wowote, basi baada ya muda mfupi, mara nyingi kama sekunde 30, gari linaona umebonyeza kwa bahati mbaya na linaloki tena. Kuna ile ya kuondoka, kwenye magari yanayouhisi ufunguo ulioko mfukoni: ukienda mbali, linaloki nyuma yako. Mtu aliyefungiwa funguo ndani gari likiwa limesimama hana sababu ya kuilaumu ile ya mwendo. Gari halikwenda popote. Lakini ndiyo anayokwenda kuizima, kisha wiki inayofuata anafungiwa tena.

Pia kujifungua ni mpango mwingine kabisa. Gari linaweza kuwekwa lijifungue gia ikirudi P au injini ikizimwa, hata kama halijifungi. Na linaweza kujifunga bila kujifungua. Ni mipangilio miwili. Usidhani ukigusa mmoja umegusa wote.

Namna ya kuzima sitakaa nayo sana, kwa sababu inategemea gari na kitabu chake kinaeleza vizuri kuliko mimi. Kwenye magari mengi mapya unaingia kwenye mipangilio ya skrini, sehemu ya milango, unaondoa alama. Kwenye mengine hakuna skrini: milango yote imefungwa, swichi imewashwa, unashikilia kitufe cha loki cha dereva kwa sekunde kadhaa, au unakibonyeza mara kadhaa kwa mpangilio maalumu, mpaka milango ilie au honi itoe mlio kukujulisha kwamba imekubali. Mengine yanahitaji fundi mwenye kompyuta ya kusomea gari. Hakuna hata njia moja kati ya hizo inayohitaji bisibisi wala fyuzi.

Sina neno na anayetaka kuzima. Anayeshusha abiria kila baada ya mita mia mbili ana haki ya kuchoka na mlio ule, na anayebeba watoto wadogo au kupita penye foleni za usiku ana haki ya kuuacha mpango huo uendelee. Hofu moja tu ndiyo inayohitaji kuwekwa sawa, nayo ni ile ya "nikipata ajali nitafungiwa ndani". Magari mengi yanayojifunga yamepangwa yafungue loki zenyewe mifuko ya hewa ikilipuka, ili waokoaji wafungue kwa nje. Na mlango wa mbele, kwenye magari mengi, ukivuta kishikio cha ndani mara moja au mbili unafungua loki na komeo kwa pamoja. Milango ya nyuma ndiyo ya kuulizia, kwa kuwa mara nyingi unatakiwa utoe loki kwanza kisha uvute. Jaribu kwenye gari lako likiwa limesimama. Ni dakika moja. Kumbuka tu kwamba huko kujifungua wakati wa ajali kunatumia umeme na mota zile zile. Aliyechomoa fyuzi kwa kuogopa kufungiwa ndani huenda ameiondoa ile ile amri ambayo ingemfungulia.

Jirani yangu alirudi kwa fundi. Safari hii nilimwandalia sentensi: "Fundi, sitaki lijifunge likianza kwenda. Mengine yote yabaki." Fundi akarudisha fyuzi, akakaa kwenye kiti, akawasha swichi, akashikilia kitufe, milango ikalia, akashuka. Hakutoa hata kifaa kimoja kwenye sanduku lake.

Juzi tulikutana getini, jirani akiwa na furaha. "Bwana, zile loki nimezizima kabisa."

"Umezima kujifunga," nikamwambia.

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

Nikamwomba abonyeze rimoti aliyoishika. Akabonyeza, na milango yote minne ikaloki kwa mlio mmoja. Akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Sawa," akasema. "Kujifunga."