Mstari wa egemeo la paa: maana yake, na kwa nini ukuta unatoboa bati kwenye kompyuta

Mstari wa egemeo ni mstari wa kufikirika unaoizunguka nyumba. Programu ya kuchora nyumba huutumia kujua paa linaanzia wapi na kwa kimo gani. Fundi wa Ligula au Mikindani, huku Mtwara, hauhitaji: anafunga lenta, anapandisha kozi zake (mistari ya tofali), analaza mbao juu ya ukuta, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zinakaa juu ya mbao ile. Paa lake linaegemea ukuta kwa sababu halina pengine pa kukaa. Kwenye kompyuta hakuna uzito. Ukuta una kimo chake, paa lina mstari wake, na viwili hivyo havijuani mpaka uvijulishe. Ukishusha ukuta kutoka sm 300 hadi 270, paa laweza kubaki linaelea palepale.

Mstari huo una mambo matatu: umekaa juu ya uso upi wa ukuta, uko kwenye kimo gani, na paa linapanda kwa mwinamo gani kuanzia hapo. Kosa likiingia kwenye lolote kati ya hayo, utaona pengo au ukuta uliochomoza. Wengi hapo hushika paa kwa kipanya na kulisukuma juu na chini mpaka macho yaridhike. Usifanye hivyo. Kata mchoro upate mwonekano wa mkato, kisha pima pengo. Ukubwa wake ndio unaokwambia kosa liko wapi.

Tuchukue nyumba ya upana wa mita 8, kutoka uso wa nje hadi uso wa nje, ukuta wa tofali wenye unene wa sm 15, kimo sm 300 kutoka sakafuni, paa la mwinamo wa digrii 25. Kwa mwinamo huo paa linapanda karibu sm 47 kwa kila mita ya kwenda ndani, kwa hiyo kileleni, mita 4 kutoka ukutani, liko sm 187 juu ya mstari wa egemeo.

Sasa tuseme umepima na kukuta kasoro ya sm 7. Hiyo ni habari ya uso wa ukuta: sm 15 kwa mwinamo wa digrii 25 ni sm 7. Mstari umekaa uso wa ndani badala ya uso wa nje, hivyo paa linapofika uso wa nje limeshashuka hadi sm 293, na ukingo wa ukuta umezama ndani yake. Kama unene wa paa uliloweka ni sm 20, hutaona kitu. Kama ni sm 5 tu, ukingo unachungulia juu ya bati kama uzi wa rangi ya ukuta, kama sm moja na nusu. Kasoro ya sm 3 au 4 maana yake mstari uko katikati ya ukuta. Kasoro ya sm 1 kwa kawaida ni lipu: mstari umeshika tofali, na lipu ya sm 2 imebaki nje ya hesabu. Hiyo ya mwisho iache, haimuumizi mtu.

Kasoro ya sm 45 au 60 kuizunguka nyumba yote inatokana na msingi. Ukuta umepimwa kutoka sakafuni, paa limepimwa kutoka usawa wa ardhi. Ongeza kimo cha msingi kwenye kimo cha mstari, basi.

Na paa likichongoka kama mnara, usitafute pengo. Angalia kizio cha mwinamo. Programu za Kimarekani mara nyingi hutaka inchi ngapi za kupanda kwa kila inchi 12 za kwenda mbele. Ukiandika 25 hapo, programu inaelewa 25 kwa 12, yaani zaidi ya digrii 64. Digrii 25 kwa kipimo hicho ni kama 5.6.

Panapowasumbua watu zaidi kwa nyumba za huku Mtwara na Lindi ni barazani. Nyumba bila baraza ya mbele haijakamilika, na njia rahisi ni kurefusha upenu wa paa kubwa kwa mita 2 ili ufunike baraza. Hesabu inakataa. Mita 2 kwa digrii 25 ni kushuka sm 93, kwa hiyo ukingo wa paa unafika sm 207 kutoka sakafuni. Ning'iniza hapo fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) ya sm 20, inabaki sm 187, chini ya kichwa cha mlango wa sm 210. Kwenye mchoro paa linafunika sehemu ya juu ya madirisha, na mchoraji analiinua zima kwa sm 40. Baraza linapona, lakini sasa kuna pengo la sm 40 juu ya kila ukuta wa nyumba.

Dawa ni kuvunja mwinamo ukutani. Paa kubwa libaki na digrii 25 na mstari wake wa sm 300. Baraza lipate kipande chake cha digrii 15, ambacho kwa mita 2 hushuka sm 54. Angalia hapa: mstari wa egemeo wa kipande hiki uko juu ya nguzo, si ukutani, na kimo chake ni sm 246. Kikipanda kuelekea nyumba kinafika sm 300 na kukutana na paa kubwa. Ukiandika 300 kwenye nguzo kwa mazoea, kitafika ukutani kikiwa sm 354 na kujisimika juu ya paa kubwa. Ukiona kasoro ya sm 54, ndipo ilipotoka. (Na zile nguzo si mapambo. Programu itakuruhusu kutoa upenu wa mita 2 bila nguzo na haitalalamika. Pwani iliyopitiwa na kimbunga Hidaya Mei 2024 italalamika.)

Programu zinazojenga paa zenyewe, kama Chief Architect, hutaka pia baraza liwe limefungwa pande zote, hata kwa reli tu, ndipo zilitambue kama chumba. Kona yenye upenyo wa sentimita moja inatosha kulifanya libaki wazi juu. Kuza mchoro, kagua kila kona. Na kabla ya kurekebisha kipande kwa mkono, zima ujenzi wa paa wa moja kwa moja, la sivyo ukisogeza ukuta mmoja kazi yako inafutwa.

Kwa nyumba ya umbo la L, tazama mchoro kutoka juu. Mwinamo ukiwa mmoja na mistari yote ya egemeo ikiwa kimo kimoja, vali (mabonde ambapo pande mbili za paa hukutana) na migongo ya pembeni hukata kona za mraba kwa digrii 45 kamili. Mmojawapo ukipinda, usiurekebishe huo. Tafuta ukuta ambao kimo chake kimetofautiana na wenzake, na mara nyingi ni sebule iliyopewa sm 330. Hapo ni afadhali kuta zote ziwe sm 330 na dari za vyumbani zishushwe, kwa kuwa hata fundi atafunga lenta moja kuizunguka nyumba yote.

Gebo, ule ukuta wa pembetatu chini ya kilele, ni suala la kila programu na desturi yake. Kwenye Revit unachagua ukuta, kisha unauambatisha kwenye paa kwa amri ya Attach Top/Base. Chief Architect inataka uutaje ukuta kuwa ni wa gebo. SketchUp haijui ukuta ni nini, kwa hiyo unapandisha ukuta kupita paa, unakatisha nyuso zinapokutana, unafuta kilichozidi. Sweet Home 3D hukuachia ukuta wenye vimo viwili, mwanzo na mwisho: gawa ukuta wa mita 8 katikati, kipande cha kwanza kiende 300 hadi 487, cha pili 487 hadi 300. Kimojawapo kikiinama kinyume, ujue kilichorwa kutoka upande mwingine. Geuza mwelekeo wake, namba ziache.

Nyumba za paa la kuficha zinataka kinyume cha hayo yote. Ukuta lazima ulizidi paa, kwa hiyo ukiuambatisha, programu inaukata na ule ukuta wa kuficha unatoweka. Achana na kuambatisha, weka mstari uso wa ndani, upenu sifuri. Kisha hesabu kimo kabla ya kumwonyesha mwenye nyumba picha: paa la mwinamo mmoja wa digrii 10 kwa mita 8 linapanda sm 141, na ukuta wa kuficha wa mita moja hautaliziba.